Kiwanja Kisicho na Mwuzaji: Historia ya Biashara ya Ardhi Bila Idhini Mjini Kamituga, Kivu ya Kusini

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna ardhi ya kujengea ilivyouzwa na kununuliwa katika mji wa Kamituga, ulioko kiasi cha kilometa 180 kusini-magharibi ya Bukavu, katika nchi ya Balega, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali letu ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Mtu aliyechuma fedha katika dhahabu, akanunua kiwanja, akajenga nyumba ya kuzeekea, hasa amenunua nini, na kutoka kwa nani?

Wanaojadili hasara za biashara ya ardhi wana mazoea ya kuanza na tapeli. Husemwa kuwa kuna soko halali, lenye mawakala wenye leseni na hati zinazoaminika, na kwamba pembeni mwa soko hilo wapo wasio na leseni wanaowadanganya wanunuzi. Kwa Nairobi au Dar es Salaam maelezo hayo yana ukweli fulani, ingawa hata huko hayatoshi, kama tutakavyoona. Kwa Kamituga yanapotosha kabisa. Hapo halikutangulia soko halali ambalo baadaye wezi waliliingilia. Idhini yenyewe ya kuuza ilikuwa imegawanyika tangu mwanzo baina ya kampuni, mila na dola. Kila mmoja alishika kipande chake, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumpa mnunuzi kitu kizima. Hivyo asiye na idhini si yule kijana wa barabarani peke yake. Ukiufuata mnyororo wa mauzo kurudi nyuma utamkuta kila mwuzaji amesimama juu ya haki pungufu kuliko ile aliyoiuza.

Jina la kazi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tuseme neno juu ya jina la huyo anayekaa baina ya mwuzaji na mnunuzi. Pwani ya Afrika Mashariki anaitwa dalali, neno la asili ya Kiarabu, na zamani dalali alijulikana kwa kunadi bidhaa hadharani, watu wakisikia bei ikipanda. Nchini Kenya kazi yake katika biashara ya majumba iliwekewa sheria mwaka 1984, inayomtaka wakala aandikishwe na bodi maalumu na kumwadhibu anayeifanya kazi hiyo bila kuandikishwa. Kivu wanasema komisionere, kwa kufuata Kifaransa, na jina hilo halielekezi kwenye mnada bali kwenye fungu analolipwa. Komisionere hanadi. Yeye hunong'ona. Anajua nani amefiwa, nani anadaiwa, nani amepata dhahabu juzi na bado hajaimaliza fedha yake. Ujuzi huo ndio mtaji wake, na tusiudharau, kwa kuwa katika mji usio na daftari la ardhi linaloaminika, yeye ndiye daftari.

Sheria ya Kongo imemgusa kwa mbali tu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba zisizo za biashara iliweka mpaka wa dhamana anayoweza kudaiwa mpangaji, yaani kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Lakini hiyo ni sheria ya kupanga. Mtu anayeuza kiwanja cha mwenzake kwa niaba ya mtu wa tatu yuko katika uwanja mwingine, ambao msingi wake ni sheria ya ardhi ya 1973, nayo haikumfikiria komisionere kamwe. Ilimfikiria mtu mwenye hati, anayekwenda mwenyewe mbele ya msajili.

Mji wa kampuni

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Tarehe 1 Julai 1885, katika mwezi ule ule ambao Dola Huru ya Kongo lilikuwa likitangazwa, Mtawala Mkuu Francis de Winton alitoa agizo kuwa ardhi isiyo na watu ni mali ya dola, kwamba asiwepo mtu wa kuikalia bila hati, na kwamba wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia. Katika agizo moja fupi palizaliwa tabaka mbili za ardhi: ile ya hati na ile ya wenyeji. Ya kwanza ilipata daftari, msajili na ramani, kwa mtindo wa usajili ulioanzia Australia. Ya pili ilipata ahadi ya kutoguswa, bila karatasi. Tofauti hiyo ya 1885 ndiyo inayolala chini ya kila kesi ya kiwanja mjini Kamituga hadi zama zetu.

Dhahabu ndiyo iliyouleta mji. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, maarufu kwa herufi MGL, iliundwa mwaka 1923, na mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa madaraka makubwa ya kugawa ardhi na haki za madini katika eneo hilo kwa mfano wa kile cha Katanga. Mahali ambapo Balega walikuwa wakilima, wakiwinda na kufuata taratibu za bwami, palijengwa makambi ya wafanyakazi. Kambi ina tabia yake. Nyumba hutolewa pamoja na kazi, na kazi ikiisha nyumba hurudi kwa kampuni. Hivyo kizazi cha kwanza cha wakazi wa mji wa Kamituga kiliishi katika mji ambao hakuna raia aliyemiliki nyumba. Jambo hili halitajwi mara nyingi, nasi twaliona kuwa la msingi: watu walijifunza kuishi mjini kabla ya kujifunza kumiliki mjini, na walipoanza kumiliki hawakuwa na mwalimu.

Mwaka 1976 kampuni 9 za madini za Kivu, MGL ikiwa mojawapo, ziliunganishwa kuwa SOMINKI, dola likiwa na asilimia 28 ya hisa. SOMINKI haikuchimba tu. Iliendesha hospitali, shule, barabara na umeme, na kwa mkazi wa kawaida wa Kamituga ilikuwa karibu zaidi kuliko serikali ya Kinshasa. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwezi Oktoba 1985, kampuni hiyo iliyotegemea bati pamoja na dhahabu ilianza kufa polepole, na ilipokufa iliacha makambi yaliyojaa watu wasiolipwa.

Ng'ombe na shahidi

Pembeni mwa makambi ilikuwako ardhi ya ukoo. Katika nchi ya Balega ardhi ilishikwa na koo, na mgeni aliyetaka kulima au kujenga alikaribishwa na wazee wa ukoo mbele ya mashahidi. Kitu alichotoa kilikuwa alama ya uhusiano wala hakikuwa bei. Lakini wahamiaji wengi waliokuja Kamituga walitoka Bushi, kutoka Walungu na Kabare, ambako utaratibu ulikuwa mwingine na umeandikwa vizuri na watafiti. Kule kulikuwa na kalinzi: mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mwakilishi wake, akapata haki ya kudumu na ya kurithisha, lakini pia akajifunga katika utii. Kulikuwa na bwasa, haki ya kulima kwa msimu, isiyoruhusu kupanda migomba wala miti. Na baadaye, chini ya ukoloni na fedha yake, kukaja bugule, yaani ununuzi.

Tufikirie basi mkutano wa watu hawa wawili mjini Kamituga. Mzee wa Kilega anapokea fedha akiamini amemkaribisha mgeni. Mgeni wa Kishi anaitoa akiamini amelipa kalinzi, hivyo watoto wake watarithi. Wote wawili wameridhika, wala hakuna aliyemdanganya mwenzake. Miaka 15 baadaye mgeni amekufa, mjane wake anakiuza kiwanja kwa mchimbaji aliyetoka Bukavu, naye anatia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa ‘acte de vente’. Mchimbaji anaamini amenunua. Ukoo unasema hakukuwa na kitu cha kuuzwa. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake ni ya kawaida, na ndani yake hamna mwizi hata mmoja. Ubovu umeingia katika tafsiri, pale neno moja la ‘kuuza’ lilipobebeshwa maana tatu.

Ahadi ya kifungu cha 389

Dola la Kongo huru lilikuwa na nafasi ya kuziba pengo hili, nalo lilijua kuwa pengo lipo. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha kwa dola ardhi na haki za madini zilizogawanywa na mkoloni. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980, ambayo ndiyo iliyokuwa msingi wa mambo yote ya ardhi nchini kwa miongo iliyofuata. Kifungu chake cha 53 chasema udongo ni mali ya dola peke yake, mali isiyouzika wala kupotea kwa kupitiwa na muda. Raia hupewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo huthibitishwa na shahada ya usajili inayotolewa na msajili wa hati za ardhi. Kifungu cha 207 kinaufanya utumiaji wowote wa ardhi usio na msingi katika sheria au mkataba kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha miezi 2 hadi 6.

Msomaji atauliza: na mamilioni ya watu walioishi juu ya ardhi ya koo zao? Sheria iliwajibu katika vifungu vitatu vya mwishoni. Cha 387 kiliifanya ardhi ya jamii za wenyeji kuwa ya dola. Cha 388 kilieleza ni ardhi ipi hiyo. Cha 389 kikasema kuwa haki zilizopatikana kwa utaratibu juu ya ardhi hiyo zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miongo minne ilipita bila amri hiyo kutolewa. Serikali zilibadilika, nchi ikabadilika jina, vita vikaja na kwenda, na sentensi ile ya wakati ujao ikabaki katika wakati ujao. Mwami aliendelea kugawa ardhi, kwa kuwa hakuna aliyemkataza waziwazi. Lakini alichokitoa hakikuwa na jina katika sheria.

Inafaa tulinganishe na Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilifanya jambo ambalo Kongo iliahidi: iliitambua haki ya kimila na kuiwekea hati yake ya maandishi, inayotolewa na kijiji. Hatusemi kuwa utekelezaji wake umekuwa mzuri kila mahali. Lakini mwanakijiji wa Tanzania anayepewa hati ya hakimiliki ya kimila ana karatasi ambayo sheria inaijua kwa jina. Mkazi wa Kamituga aliyepewa karatasi na mwakilishi wa mwami ana karatasi ambayo hakimu ataitazama kama ushahidi wa ukarimu.

Mambo yakazidi kugeuka mji ulipokua. Kwa muda mrefu Kamituga ilikuwa mji mdogo ndani ya Territoire ya Mwenga, katika usultani wa Wamuzimu. Amri ya serikali ya mwaka 2013 iliupa hadhi kamili ya mji, ingawa utekelezaji wake ulichelewa kwa miaka. Badiliko hilo kwa juu laonekana kuwa la heshima tu. Kwa habari ya ardhi lina uzito, kwa sababu sheria ya 1973 inatofautisha ardhi ya mjini na ya shamba, na mwenye kupokea ada, kutoa karatasi na kushuhudia mauzo si yule yule pande zote mbili. Karatasi iliyotolewa na kapita wa mwami jana inamhitaji leo afisa wa meya aikubali. Kila mpito wa namna hii ni neema kwa komisionere, maana yeye ndiye anayejua mlango upi umefunguliwa wiki hii.

Fedha ya dhahabu inatafuta pa kukaa

Tarehe 5 Novemba 1982 serikali ya Zaire ilifungulia raia uchimbaji mdogo na biashara ya dhahabu. Ruhusa hiyo haikugusa maeneo yaliyokuwa tayari chini ya kampuni, na Kamituga ilikuwa chini ya kampuni, lakini habari ya ruhusa husafiri upesi kuliko masharti yake. Tangu hapo, na zaidi baada ya SOMINKI kudhoofika, mji ulijaa wachimbaji. Palizuka vyeo vipya: mwenye shimo akaitwa PDG, kama mkurugenzi wa shirika, na wanawake wanaotwanga mawe wakaitwa ‘mamans twangaises’, neno ambalo wanafunzi wetu wa isimu wangelifurahia, kwani ni kitenzi cha Kiswahili kilichovishwa mwisho wa Kifaransa.

Bei ya dhahabu duniani ilikuwa kiasi cha dola 270 kwa aunsi mwaka 2001. Mwaka 2011 ilikaribia 1,900. Mwaka 2020 ilivuka 2,000, na mwaka 2025 ikavuka 4,000. Mchimbaji wa Kamituga haipati bei hiyo kamili, ila hulihisi wimbi lake. Nayo fedha ya dhahabu ina haraka. Haina benki ya karibu inayoaminika, inaogopa majambazi, inaogopa ndugu, inaogopa hata mwenye nayo asije akainywa. Kiwanja ndicho sanduku lake. Hapo ndipo hatari inapokuwa ya kweli, kwa sababu kinachopotea kiwanja kinapopotea ni pensheni ya mtu, wala hakuna nyingine: miaka 10 ya kushuka shimoni imegeuzwa matofali na mabati, na imewekwa juu ya karatasi ambayo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuiandika.

Karatasi hiyo tuitazame kwa karibu. Kwa kawaida mauzo huandikwa mbele ya mashahidi, jirani wakiwemo, na mkuu wa mtaa akitia mhuri. Mnunuzi hukunja karatasi na kwenda zake akiona jambo limekwisha. Kisheria halijaanza. Ili mauzo yahamishe haki, shahada ya usajili ya mwuzaji lazima ipelekwe kwa msajili pamoja na hati ya mauzo iliyothibitishwa, ya zamani ifutwe, mpya iandikwe kwa jina la mnunuzi. Ikiwa mwuzaji hakuwa na shahada, basi hakuna kinachofutwa wala kinachoandikwa. Mnunuzi angelazimika kuanza mwenyewe kutoka chini: maombi, uchunguzi kama ardhi ni tupu, upimaji, mkataba wa kukodisha kutoka kwa dola usiozidi miaka 3, kuthibitisha kuwa amejenga, na hatimaye haki ya kudumu. Kila hatua ina ada, na kila ada ina nyongeza isiyo na stakabadhi. Wengi huishia kwenye mhuri wa mtaa.

Sasa ongeza kifungu cha 227. Tangu marekebisho ya 1980, shahada ya usajili iliyopatikana kwa hila au kwa makosa inaweza kupingwa kabla ya miaka 2 kupita. Baada ya hapo haishambuliki, na aliyeonewa hubakiwa na dai la fidia tu. Kusudi la kifungu lilikuwa jema: kuwapa watu utulivu. Lakini fikiri nani anafaidika nacho. Mtu mwenye elimu na rafiki ofisini anaweza kuandikisha kwa jina lake kiwanja ambacho mwingine anaishi juu yake kwa mhuri wa mtaa. Mkaaji hajui, maana hakuna anayempelekea habari. Miaka 2 inapita kimya. Siku anapoletewa amri ya kuhama, hati ya mwenzake imekwisha kuwa mwamba. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa dhidi ya mashaka inamlinda anayeijua dhidi ya asiyeijua, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko uongo wowote wa komisionere.

Mauzo mara mbili, juu na chini

Wakazi wa Kivu hulalamika sana juu ya kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili. Ni haki yao kulalamika. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kutambua kwamba mfano ulitolewa juu. Kampuni ya Kanada, Banro, ilinunua hisa za SOMINKI mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaundwa SAKIMA ili kurithi maeneo yake, Banro ikiwa na asilimia 93. Tarehe 31 Julai 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila aliifuta na kuyatia maeneo hayo ya dhahabu mikononi mwa kampuni nyingine, SOMICO, iliyoongozwa na Mwami Philemon Naluhwindja wa Luhwindja. Siku chache baadaye vita vilizuka, Bukavu ikashikwa na RCD hadi 2003, na Kamituga ikawa na wamiliki wawili wenye karatasi za serikali ile ile, huku wenye bunduki wakiwa wa tatu. Banro ilipatana na serikali mwaka 2002 na kurudishiwa haki zake za dhahabu, nayo mwaka 2019 ikasimamisha kazi zake zote nchini. Kiwanja cha mraba mmoja kinachouzwa mara mbili mtaani ni nakala ndogo ya kilichofanywa kwa maelfu ya hekta.

Juu ya hayo kuna jambo la tumbo la ardhi. Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inatenganisha udongo na kilichomo chini yake. Mwenye kiwanja, hata awe na shahada safi, hana dhahabu iliyo chini ya jiko lake. Na akiichimba uani mwake ndani ya eneo la kampuni, anavunja sheria. Kwa upande wa pili, kampuni ikitaka kuitumia ardhi lazima imlipe fidia mkaaji wake halali. Neno ‘halali’ ndilo lililobeba mzigo wote. Huko Luhwindja, ambako Banro ilianza kutoa dhahabu ya Twangiza mwaka 2011, familia zilihamishiwa Cinjira, na mabishano juu ya nani anastahili nini yakaonyesha kuwa siku ya kuhamishwa ndiyo siku mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza thamani ya karatasi yake. Na udongo wenyewe wa Kamituga si wa kuaminika: tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliangusha mashimo na kuua watu zaidi ya 50.

Je, dawa ni leseni?

Wapo wanaopendekeza kuwa makomisionere waandikishwe, wapewe vitambulisho, na wasio navyo waadhibiwe. Hatuna ugomvi na pendekezo hilo kwa Bukavu, ambako walau sehemu za Ibanda zina shahada za kweli za kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Lakini mfano wa Kenya hauna budi kututia tahadhari. Nchi hiyo ilikuwa na bodi ya mawakala kwa zaidi ya miaka 20 wakati nyumba za Syokimau, karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi, zilipobomolewa mwezi Novemba 2011 juu ya ardhi iliyodaiwa na mamlaka ya viwanja vya ndege. Wengi wa wenye nyumba walikuwa na hati mkononi, na walikuwa wamezilipia. Leseni ya wakala haikuwasaidia kitu, kwa kuwa kasoro ilikuwa katika chanzo cha ardhi. Kumwandikisha komisionere wa Kamituga kabla ya kuamua kile mwami anachoweza kutoa ni kumpa mtu kibali cha kuuza kitu ambacho sheria haijakipa jina. Mnunuzi atalipa zaidi, kwa sababu kitambulisho nacho kina gharama, na atakuwa na imani zaidi, jambo ambalo ni hasara ya pili.

Mwezi Februari 2025 Bukavu ilitwaliwa na AFC/M23, Kamituga ikiwa bado upande wa serikali. Kama ilivyokuwa kati ya 1998 na 2003, daftari za ardhi za mkoa zilikuwa chini ya mamlaka moja na ardhi chini ya nyingine.

Liko tabaka moja la nyumba ambalo hatujalizungumzia, nalo ni zile za makambi. Wafanyakazi wa SOMINKI walioachishwa bila kulipwa hesabu yao ya mwisho walibaki ndani ya nyumba za kampuni, na dai lao limepelekwa kutoka serikali moja hadi nyingine, kutoka SAKIMA hadi Banro, kwa miaka mingi. Hawakununua nyumba hizo, wala hawakupewa. Wanazishika kama rehani ya mshahara. Mzee akifa watoto hugawana vyumba, na ikiwa mmoja wao anahitaji fedha humtafuta komisionere. Karatasi inaandikwa, mkuu wa mtaa anatia mhuri, na mnunuzi anapewa funguo za chumba ambacho bei yake ya kwanza ilikuwa miaka ya kazi ya baba wa mwuzaji, na ambacho kwenye vitabu bado ni cha kampuni isiyokuwapo tena.